Onja Wewe Kwanza

“Mmetia nini humu?”

Swali hilo aliniuliza Bi Tatu, muuza vitumbua wa upande wa Gerezani, siku aliyofika kwa mara ya kwanza kwenye dirisha letu la dawa pale Kariakoo. Alikuwa ameishika chupa ya dawa nyekundu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkia. Nikamjibu papo hapo: chuma, sukari, maji. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu kule Uganda, kemia ikinichemka kichwani, na nilidhani kujibu haraka ndiko kujua.

Bi Tatu alinitazama, hakuwa na haraka.

“Wewe uliwaona wakitia?”

Sikuwaona. Dawa ile ilikuja imekwisha kuchanganywa, ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, kutoka duka letu kubwa la Mchafukoge. Nilichojua ni maneno ya kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, na nusu ya karatasi hiyo ilikuwa imebanduka. Bi Tatu akaweka chupa dirishani, akaenda zake.

Vijana wangu, nyinyi mnaovaa makoti meupe na kuitwa wafamasia, nawaandikia kwa sababu swali hilo mtaulizwa na nyinyi, kwa maneno mengine. Sisi hatukuitwa wafamasia. Tuliitwa wachanganya dawa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke na mgeni, niliitwa Binti Moshi.

Ilikuwa miaka ya hamsini inakaribia kwisha. Kariakoo ilijaa watu na bidhaa, ila dawa ya maana ilikuwa mjini. Mtu akiumwa alikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu na homa yake, akifika Mchafukoge anasimama pembeni mpaka wenye magari wahudumiwe. Wengi hawakufika. Walinunua aspirini mojamoja kwenye duka la sukari, wakangoja Mungu.

Ndipo Bwana Awadh, mwenye duka, akapanga chumba cha mbele cha nyumba moja Kariakoo, akapanua dirisha, akaweka rafu na mizani. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, baba yake aliuza kahawa na ubani, na Kiswahili chake kilinishinda mimi. Alisali sala zote kwa wakati, na hakupenda maneno mengi.

Mimi sikumwamini. Nilijiuliza: mfanyabiashara mwenye wateja wa magari anawafuata wauza vitumbua kwa nini? Nikahisi analeta Kariakoo masazo ya Mchafukoge, dawa zilizopitwa na wakati au zilizoongezwa maji. Kila mtungi uliofika niliufungua, nikanusa, nikatikisa, nikatazama kwenye mwanga.

“Aika,” aliniambia siku moja, “unanusa dawa zangu kama paka aliyeingia sokoni.”

“Nahakikisha, bwana.”

“Hakikisha. Ila mbele ya wateja punguza pua.”

Pua hiyo hiyo ilikuja kutufaa. Wakati ule mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe. Wengine walileta chupa za soda, wengine za marashi, na wengine za mafuta ya taa zilizooshwa kwa haraka. Mara moja nilijaza dawa ya kikohozi kwenye chupa ya mafuta ya taa bila kunusa, na mzee aliyeinywa alirudi kulalamika kwamba sasa anaogopa kukaa karibu na jiko. Tangu hapo nilinusa kila chupa, hata iliyong'aa. Nanyi leo mna vyombo safi, lakini kumbukeni: dawa huharibika zaidi kwa kile inachokutana nacho baada ya kutoka kwenye mtungi.

Wengi wa wateja hawakusoma. Basi tulikata ukanda wa karatasi, tukauchonga meno kama ya msumeno, tukaubandika ubavuni mwa chupa. Kila jino kijiko kimoja. Wakati tulipanga kwa sauti za mtaa: “baada ya adhana ya alfajiri,” au kwa wale wa makanisani, “honi ya karakana ya reli ikilia.” Kisha nilimwambia mgonjwa anirudishie maneno yangu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kutikisa kichwa kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho na asiwe amesikia hata neno moja.

Lakini jambo kubwa la dirisha lile lilikuwa kuonja.

Kwetu Kilimanjaro anayekupa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo akukabidhi. Pwani nako mwenyeji huonja. Kariakoo palikuwa na watu wa kila kabila, hawakukubaliana juu ya pilau wala juu ya kuzika, ila juu ya hili walikuwa kitu kimoja: unayenipa nimeze, meza wewe kwanza nikuone. Mteja alipokea chupa, akairudisha dirishani, akasema, “Onja wewe kwanza.”

Mimi niliona ni upuuzi na niliwaambia hivyo. Bwana Awadh hakubishana na mtu. Alikuwa na kijiko chake kimetundikwa msumarini. Alionja kwinini bila kukunja uso. Alionja ya kikohozi, ya minyoo, ya tumbo. Siku ambayo watu wengi walitaka haluli, ile dawa ya kuharisha, hakukaa sana dirishani.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, kijiko kikawa changu. Mteja wa kwanza alinitazama kisha akamgeukia yeye.

“Huyu si Mkristo? Akionja inahesabika?”

“Sumu haiulizi dini,” alijibu Bwana Awadh.

Sasa nirudi kwa Bi Tatu. Alirudi, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na Mwajuma, mke wa mwanawe, mjamzito. Walitoka Gerezani tu, lakini Mwajuma alipofika alishika kizingiti cha dirisha kwanza, akavuta pumzi, ndipo akaniamkia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Uzazi wa kwanza alitokwa na damu nyingi na mtoto hakuishi. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia wazi: damu yako ni ndogo, ukizaa tena hivi hutaamka. Dawa ya kuongeza damu kliniki ilikuwa imekwisha. Ilikuwa kwetu, kwenye mtungi ule mwekundu.

“Damu,” alisema Bi Tatu, taratibu ili wanawake waliokuwa nyuma yake wasikie. “Nyekundu. Ya kuongeza damu. Hiyo damu imetoka kwa nani?”

Hakuna aliyecheka. Mjini kulikuwa na habari za mumiani, kwamba watu hukamatwa wakanyonywa damu ikatengenezwa dawa. Watu wazima wenye akili zao walivuka barabara wakiona gari jekundu la zimamoto.

“Si damu ya mtu, mama,” nilisema.

“Wewe uliwaona wakitia?” Swali lilelile.

Bwana Awadh akanyoosha mkono, akachukua kijiko. “Naionja.”

Akamimina, akainua, akageuka upande kidogo kama mtu anayekohoa, kisha akajifuta mdomo kwa leso. Bi Tatu aliridhika nusu. Mwajuma akapewa chupa.

Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, na niliona. Hakumeza. Dawa ilimgusa mdomo, ikaishia kwenye leso. Na haikuwa Ramadhani. Saa hiyo hiyo alikuwa amemeza kwinini mbele ya mzee mmoja na kulamba kijiko.

Vijana, mkitaka kujua shaka inavyokua, imezeni kimya. Siku zilizofuata nilimtazama kila alipoishika ile nyekundu. Dawa nyingine zote alimeza. Ile, kila mara, iliishia kwenye leso. Anajua nini juu ya mtungi huu? Na Mwajuma alikuwa akimeza kijiko kizima, yeye na mtoto wake tumboni.

Nikaamua kuipima. Kama ingekuwa imeongezwa maji, ningeiumbua. Sikuwa na maabara, ila nilikuwa na jirani anayeuza chai. Ukitia dawa yenye chuma ndani ya chai ya rangi iliyokolea, chai hubadilika, ikawa nyeusi kama wino. Chuma kikiwa kidogo, weusi nao huwa mdogo. Nikaenda Mchafukoge, nikachukua kidogo kwenye chupa wanayouziwa watu wa magari. Nikarudi Kariakoo, nikaweka bilauri mbili za chai juu ya dirisha, saa ya wateja wengi, makusudi. Nilitaka waone kwa macho yao. Nilitaka na Bwana Awadh aone kwamba nimeona.

“Tazameni,” nikasema. “Hii ni ya wenye magari. Hii ni yenu.”

Nikatia. Bilauri zote mbili zikageuka nyeusi, weusi mmoja, sawasawa. Haikuongezwa maji hata kidogo. Niliinua uso nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu.

Wanawake walikuwa wamerudi nyuma. Mmoja alikuwa amemfunika mtoto uso kwa kanga. Bi Tatu alizitazama zile bilauri, kisha akamtazama Mwajuma, ambaye alikunywa chai kila asubuhi ya maisha yake.

“Ikifanya hivi kwenye bilauri,” alisema, “tumboni inafanyaje?”

“Mama, hiyo ni ishara kwamba dawa ni nzima.”

“Ndiyo. Nzima. Mwajuma, twende.”

Adhana ya alasiri ilipolia habari ilikuwa imekwisha kufika Mchafukoge. Dirisha lilibaki na mimi, mizani na nzi.

Bwana Awadh alimwaga zile bilauri mwenyewe.

“Umethibitisha nini?”

“Kwamba haikuongezwa maji.”

“Nani alisema imeongezwa?”

“Mimi.”

“Basi ungejithibitishia nyumbani kwako.”

Nilikuwa nimekasirika na kuaibika, na katika hali hiyo mtu hupata ujasiri. “Kwa nini unaitema?”

Alikunja leso yake, akaikunja tena.

“Aika, dawa ile ni nzuri. Mpe mwenye kuumwa.”

“Hujanijibu.”

“Nimekujibu.”

Ningeweza kuacha kazi siku ile, na nilifikiria hivyo. Kilichonizuia ni viganja vya Mwajuma. Kama dawa ilikuwa mbaya, ilikuwa juu yangu kujua. Kama ilikuwa nzuri, yeye alikuwa anakaribia kujifungua bila dawa, kwa sababu ya bilauri zangu mbili.

Asubuhi nilikwenda Gerezani. Bi Tatu alikuwa juu ya kigoda mbele ya chungu chake cha vitumbua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeleta na chai?”

“Nimeleta chupa. Nimekuja kuonja.”

“Kuonja!” Aligeuza kitumbua. “Ulimi wa Mwarabu wako nilikwisha uona. Kuonja ni kulamba. Mimi nataka mtu anywe.”

“Nitakunywa.”

“Leo?”

“Na kesho. Kila siku atakayokunywa Mwajuma. Mimi kwanza, yeye baadaye. Umimine wewe mwenyewe kwa kijiko chako.”

Aliepua kitumbua. “Na ukifa nitawaambia nini watu wa Moshi?”

“Waambie nilikuwa mbishi. Hawatashangaa.”

Akacheka, mara ya kwanza. Akamwita Mwajuma.

Msinihesabie ushujaa. Sikunywa kwa kuamini, nilikunywa kwa sababu nilitaka kujua alichokijua Bwana Awadh. Kila asubuhi nilipita Gerezani kabla ya kufungua dirisha, nikakaa kwenye kigoda, Bi Tatu akamimina kama hakimu. Nilimeza, tukangoja, Mwajuma akameza. Baada ya muda Bi Tatu alianza kutoa taarifa kwa majirani: meno ya Binti Moshi yameanza kufanana na sufuria yake. Ni kweli, chuma hutia meno weusi. Nikakata mrija wa papai, ule wa jani, nikamfundisha Mwajuma kufyonza dawa ipite nyuma ya meno. Choo nacho huwa cheusi, na hilo mwambieni mgonjwa kabla hajaliona, maana akiliona kwanza hamtamshika tena. Na ile chai, Mwajuma alikuwa akiteremshia dawa kwa chai kila siku, na chai hukifunga chuma kisiingie mwilini. Bilauri zangu zilikuwa zimenionyesha hilo wazi, na mimi nikatazama rangi tu. Tukaisogeza chai yake hadi adhuhuri.

Dawa yenyewe ilikuwa na ladha ya msumari uliotiwa sukari na maganda ya machungwa yaliyofunika kila harufu nyingine. Nilipokwisha kuimeza nilihisi kijoto kidogo kifuani na njia ya kwenda Kariakoo ikawa nyepesi. Nilidhani ni raha ya kutenda wema.

Bwana Awadh aliniona nikijaza chupa.

“Na wewe unainywa?”

“Ndiyo. Naimeza.”

Aliangalia msalaba mdogo shingoni mwangu. “Wewe siwezi kukuzuia,” akasema, akarudi kwenye mizani yake. Nikaiweka hiyo nayo akibani, pamoja na leso.

Viganja vya Mwajuma vilianza kupata rangi. Akawa anafika dirishani bila kushika kizingiti. Bi Tatu alipoona hivyo, akaja na chupa yake.

“Nami nipe ile nyekundu.”

“Unaumwa nini?” akauliza Bwana Awadh.

“Magoti.”

“Ya magoti ipo, ya kuchua.”

“Sitaki kuchua. Nataka kunywa.”

“Nyekundu hupati, bibi. Wewe mzima.”

“Huyu Mchaga mbona anapata? Anaumwa nini huyu, zaidi ya maneno?”

“Huyo hayumo katika hesabu yangu.”

Bi Tatu aliondoka akisema bahili hata kaburini atabana nafasi. Mimi nilisimama pale nikijiuliza: muuzaji gani humfukuza mnunuzi?

Mwajuma alijifungua mtoto wa kike. Damu ilitoka, muuguzi aliogopa, lakini safari hii ilikuwapo ya kutosha kutoka na kubaki. Bi Tatu alileta habari mwenyewe. Alikuja na sinia la vitumbua, akaliweka dirishani, na kabla hatujanyoosha mkono akachukua kimoja, akakimega, akala.

“Haya,” alisema. “Nimeonja mimi kwanza.”

Tangu hapo wanawake walirudi. Walitoka Gerezani, walitoka upande wa soko, kila mmoja na chupa yake na tumbo lake, na baadaye tukafungua dirisha jingine. Bi Tatu aliwaleta wengi kwa mkono wake. Lakini hakuacha kuwaambia, nikimsikia, bila hata kupunguza sauti: “Kunyweni, inafanya kazi. Ila humu mna kitu hawa hawakisemi.”

Nilifanya kazi na Bwana Awadh mpaka akastaafu. Nilikwisha kumwamini juu ya kwinini, juu ya mizani, juu ya kila mtungi. Juu ya ile leso, hapana. Nilimuuliza tena, si mara moja. Alisema, “Nilikujibu siku ile.” Dawa ile ilikuja kuondolewa, vikaja vidonge vya chuma, na vidonge alivionja akameza.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikwenda matangani. Bi Tatu alikuwa amekwisha kutangulia. Leo mabasi ya mwendokasi yanapita karibu na mahali alipokuwa akiweka chungu chake. Upande wa wanawake nilikaa na Salma, binti wa Bwana Awadh, tukamzungumzia marehemu. Nikamweleza juu ya kijiko na leso, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Alisema baba yake alikosa usingizi kwa ajili ya mtungi ule kabla hajaufikisha Kariakoo. Watengenezaji walikuwa wakiyeyusha chuma ndani ya mvinyo, ndiyo maana alibandua karatasi, na wakati ule hakupata nyingine ya kuponya wajawazito. Akaenda kwa shehe wake kumuuliza kama ni halali kuwapa wanawake wa Kiislamu. Shehe alimpa jibu, naye akalishika mpaka mwisho bila kumwambia mteja hata mmoja: “Kwa mgonjwa asiye na nyingine ni dawa. Kwako wewe uliye mzima ni mvinyo.”